Omba Mkalimani Kabla Hujaitikia "Yes"

Tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, na haikuchukua muda maneno yakaenea katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa huku: wakalimani wamefutwa, ukiongea Kiswahili ofisini utadaiwa makaratasi, heri kukaa kimya. Maneno hayo yanaumiza kuliko amri yenyewe. Mzee mwenye kisukari akiyasikia huahirisha kliniki, na mama aliyeitwa shuleni huona afadhali asiende kuliko kwenda kuaibika.

Basi tuitazame amri yenyewe. Ilichofuta ni amri nyingine ya rais, namba 13166, aliyoitoa Bill Clinton Agosti 2000 kuzitaka ofisi za serikali kuu zijipange kuwahudumia watu wasiojua Kiingereza vizuri. Haikuziamuru ofisi hizo ziwafukuze wakalimani. Iliwaachia wakuu wa idara waamue wenyewe. Zipo huduma zilizopungua, na zitakazopungua bado. Lakini sheria zilizopitishwa na Bunge la Marekani rais hazifuti kwa kalamu yake. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ipo palepale, na sehemu yake ya sita inasema taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu isimbague mtu kwa rangi wala kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoletwa na wanafunzi wenye asili ya Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ilikubaliana kwa kauli moja kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule, huku haelewi lugha inayofundishiwa, si kumtendea sawa na wenzake.

Haki hiyo ina kasoro yake, na ni vizuri uijue. Mwaka 2001 mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Alexander dhidi ya Sandoval, iliyohusu jimbo la Alabama kutoa mtihani wa leseni ya udereva kwa Kiingereza pekee. Ilisema mtu binafsi hawezi kushtaki chini ya sheria ile kwa sababu tu kanuni fulani inawaumiza watu wa asili fulani. Ni lazima aonyeshe kwamba alibaguliwa kwa makusudi. Maana yake kwako ni kwamba haki hii hailindwi sana na mawakili. Inalindwa na watu wanaoomba, wakinyimwa wanaomba tena, na wakinyimwa tena wanapeleka malalamiko yao kwa maandishi. Anayenyamaza hapati.

Hospitalini ndiko tunakoumia zaidi. Tazama kinachotokea ndani ya chumba. Muuguzi anaingia na tableti yake, anasoma maswali haraka haraka, kila baada ya swali anatua na kumwangalia mgonjwa. Una mzio wa dawa yoyote? "Yes." Umekula chochote tangu usiku wa manane? "Yes." Muuguzi anasita, maana mtu anayesubiri kupasuliwa hatakiwi awe amekula, kwa hiyo anauliza kwa namna nyingine. "Yes" tena, safari hii na tabasamu. Mgonjwa wala hadanganyi. Amelelewa kwamba kumkatiza daktari ni utovu wa adabu, na kwamba kumwambia mkubwa "sijakuelewa" ni kama kumwambia hajui kazi yake. Huku adabu hiyo inaandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa ameelezwa, ameelewa na amekubali.

Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 kinazibana hospitali na kliniki zote zinazopokea fedha za serikali kuu, zikiwemo za bima za serikali za Medicare na Medicaid, na hizo ni karibu zote unazoweza kuzitaja. Chini ya kifungu hicho na kanuni zake, wewe usiyejua Kiingereza vizuri unastahili mkalimani mwenye sifa, bila malipo. Hawaruhusiwi kukuambia uje na wako. Hawaruhusiwi kumtumia mtoto wako, isipokuwa kwa dharura ya kuokoa maisha na hakuna mkalimani wa karibu.

Namna ya kuomba ni hii. Omba siku unapopanga miadi, usingoje siku ya kufika, na waambie waandike kwenye faili lako kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili kila mara. Ukifika mapokezi sema maneno mawili tu: "Swahili interpreter." Usiongeze kitu. Ukianza kujieleza kwa Kiingereza cha kuungaunga, dada wa mapokezi atakusifu kwamba Kiingereza chako ni kizuri sana, na mkalimani utakuwa umemkosa kwa kusifiwa. Hata wewe unayejiweza sokoni na kazini, usione haya. Kiingereza cha kununulia maziwa hakitoshi kuelezewa hatari za dawa ya usingizi.

Sasa hili la watoto. Najua linavyoanza. Familia imefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, mtoto amekaa shule miezi sita na tayari anaongea kama waliozaliwa hapa, na wazazi wanamwona amekuwa msaada mkubwa. Anapokea simu za umeme, anasoma barua za nyumba, na siku moja anaketi katikati ya mama yake na daktari. Binti wa miaka 12 ndiye anayetakiwa kumwambia mama yake kwamba kuna uvimbe kwenye kizazi. Hajui neno la kizazi kwa Kiswahili, na hata angelijua, ataanzaje kulitamka mbele ya mama? Basi anasema, "Daktari anasema tumbo." Mama anarudi nyumbani akiwa na tumbo.

Shuleni mambo hugeuka kichekesho. Kijana ameitiwa mzazi kwa utoro, na anayemfasiria mzazi ni yeye mwenyewe. Mwalimu anazungumza dakika tatu huku amekunja uso, kijana anageuka: "Anasema naendelea vizuri, ila niongeze bidii." Utacheka, lakini baba aliyezoea kutawaliwa na ulimi wa mwanawe hupoteza heshima ndani ya nyumba, na kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kujifunza lugha.

Mume kumfasiria mke nako kuna lake. Kuna mambo mwanamke hawezi kuyasema mume akiwa katikati, na la kupigwa ni mojawapo tu. Ukiambiwa utoke nje kidogo ili mkeo azungumze na muuguzi kupitia simu, usilipokee kama dharau. Toka, kaa kwenye kiti cha nje, ungoje uitwe.

Mkalimani mwenyewe siku hizi mara nyingi hayupo chumbani. Yuko kwenye simu ya mezani yenye spika, au kwenye skrini iliyofungwa kwenye kigari cha magurudumu. Atajitambulisha kwa namba badala ya jina. Iandike, maana kukiwa na malalamiko baadaye ndiyo itakayotafutwa. Mtazame daktari na useme naye moja kwa moja: "Naumwa kichwa," si "mwambie naumwa kichwa." Sema sentensi mbili kisha utue. Kila utakalosema litafasiriwa, hata lile la pembeni ulilomnong'oneza mwenzako kuhusu daktari. Na usiogope siri: huyo mtu anafungwa na masharti ya kazi yake, na huenda yuko jimbo la mbali ambako hakuna anayekujua. Kwa jamii ndogo kama zetu, ambako mfasiri wa hiari ni mwimbaji mwenzako wa kwaya, umbali huo ni neema.

Kabla ya kuondoka, rudia kwa maneno yako jinsi utakavyotumia dawa, mkalimani amfasirie daktari, daktari athibitishe. Halafu omba miadi ijayo iandikwe kwa tarakimu, na pawepo herufi za asubuhi au jioni. Wapo waliopewa miadi ya saa nane asubuhi ya saa zao, yaani saa mbili yetu, wakafika saa nane yetu ya mchana, wakaambiwa wamechelewa kwa saa sita.

Kuna jambo ambalo wafanyakazi wa ofisini hawalijui na ni juu yetu kuwaambia: Kiswahili si kimoja. Mtu wa Bukavu au Uvira aliyepewa mkalimani wa Tanga anaweza kukwama njiani. Kwake daktari ni munganga na hospitali ni lopitalo, na yapo maneno ya Kifaransa ambayo mkalimani wa pwani hajawahi kuyasikia. Usipomwelewa sema, uombe mwingine, tena taja kwamba unataka mtu wa Kiswahili cha Kongo. Vilevile wapo wazee wetu walioandikwa "Swahili" kwenye fomu kwa sababu ndilo jina ambalo karani alilifahamu, kumbe lugha yao ya ndani ni Kibembe, Kinyamulenge au Kirundi. Miongoni mwa Wabantu wa Somalia wapo wanaozungumza Kizigua na Kiswahili hawakijui vizuri. Lugha unayootea ndoto ndiyo ya kuiandika. Ukishafanywa Mswahili kwenye kompyuta yao utabaki Mswahili hadi mtu aibadilishe.

Programu za tafsiri kwenye simu zina faida. Zitumie dukani, kwenye basi, na kusoma tangazo la mwenye nyumba kujua kama ni la maji kukatwa au ni la kufukuzwa. Zisitumike kwenye karatasi utakayotia saini. Kanuni za afya za mwaka 2024 zinataka maandishi muhimu yaliyotafsiriwa na mashine yapitiwe na binadamu mwenye sifa, na binadamu huyo si wewe.

Kwa mambo ya shule, mojawapo ya fomu za kwanza utakazopewa huuliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakiogopa mtoto atatengwa na wenzake. Naona huko ni kumnyima mtoto. Andika ukweli. Mtoto atapimwa Kiingereza chake, na akihitaji atapewa msaada ambao shule inawajibika kuutoa. Usipouridhia una haki ya kuukataa, ingawa kipimo cha kila mwaka kitaendelea. Shule inapaswa pia kukupa taarifa muhimu kwa lugha unayoielewa. Kama mtoto wako ana ulemavu na umeitwa kwenye mkutano wa mpango wake wa elimu maalumu, sheria inaitaka shule ifanye kila linalohitajika uelewe yanayosemwa, mkalimani akiwemo. Usitie saini mpango huo kama hayupo. Waambie mkutano uahirishwe, hawatakula mtu.

Kazini hali ni tofauti. Mwajiri binafsi halazimiki kukuwekea mkalimani ili akuajiri. Lakini usalama una hesabu yake. OSHA, idara inayosimamia usalama kazini, ilitoa msimamo mwaka 2010 kwamba mafunzo ya usalama yatolewe kwa lugha na kwa maneno ambayo mfanyakazi anayaelewa. Wengi wetu tuko kwenye viwanda vya nyama na maghala ya mizigo, ambako kisu na mkanda wa mashine havingoji mtu aelewe. Ukionyeshwa video ya Kiingereza kisha ukaletewa karatasi ya kukiri kwamba umefundishwa, karatasi hiyo siku ya ajali itakuwa upande wa kampuni. Omba maelezo kwa Kiswahili kabla ya saini, na uombe mbele ya wenzako.

Kwenye uhamiaji usikisie kamwe, kwa maana ofisi mbili za serikali moja zina kanuni zinazopingana. Mwombaji wa hifadhi anayehojiwa na ofisa wa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, anatakiwa, tangu tarehe 13 Septemba 2023, aje na mkalimani wake mwenyewe. Mkalimani huyo awe na miaka 18 au zaidi. Asiwe wakili wako, asiwe shahidi wako, wala asiwe mtumishi wa serikali ya nchi uliyoikimbia. Ukifika bila mkalimani wanaweza kukuhesabu kwamba hukufika. Kesi hiyohiyo ikiwa mbele ya jaji wa mahakama ya uhamiaji, mkalimani anatolewa na mahakama bure. Kwa kesi za jinai pia mahakama ndiyo inayotoa. Kwa madai na talaka majimbo yanatofautiana, kwa hiyo muulize karani wiki kadhaa kabla. Na wale wajuaji wa mtaani wanaojaza fomu kwa malipo, waulize swali moja: je, watatia saini pale chini panapomtaka mtayarishaji wa fomu aandike jina lake? Asiyetaka kuandika jina lake anajua anachokifanya.

Cheti chako cha kuzaliwa cha Kifaransa au cha Kiswahili hakihitaji kutafsiriwa na wakili. USCIS inataka tafsiri kamili ya Kiingereza, na aliyetafsiri aandike na kutia saini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba yeye anazimudu lugha zote mbili. Jirani yako mwalimu anaweza kuifanya.

Uraia unahitaji Kiingereza, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kudai mkalimani ni kukataa kujifunza. Unaweza kufanya yote mawili, tena inabidi. Aliyefikisha miaka 50 na kukaa na kadi ya ukazi miaka 20, au miaka 55 na kukaa nayo miaka 15, anasamehewa mtihani wa Kiingereza na kuulizwa maswali ya historia na serikali kwa lugha yake, akiwa na mkalimani aliyekuja naye. Aliyefikisha 65 na kukaa miaka 20 anasoma maswali 20 tu, anaulizwa 10, anatakiwa apate 6. Wengine, kwa maombi yaliyopelekwa kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, wana maswali 128 ya kusoma, wanaulizwa hadi 20, na wapate 12. Msamaha wa daktari, ile fomu ya N-648, ni wa mgonjwa au mlemavu ambaye hali yake inamzuia kujifunza; uzee na kutojua kusoma peke yake havihesabiwi. Wengi waliokuja kutoka kambi za Kigoma hawajatimiza hata hiyo miaka 15, kwa hiyo darasa la Kiingereza hawalikwepi. Madarasa ya bure yapo kwenye maktaba, vyuo vya jamii na makanisa. Nenda, hata kama zamu ya usiku imekuchosha, hata siku mbili kwa juma.

Yapo maeneo ambako mkalimani hakusaidii hata kidogo. Kanuni ya serikali kuu inamtaka dereva wa lori la biashara ya kati ya majimbo ajue Kiingereza cha kutosha kuzungumza na askari na kusoma alama za barabarani. Kanuni ni ya zamani, ila tangu tarehe 25 Juni 2025 anayeshindwa kwenye ukaguzi anasimamishwa papo hapo na gari linabaki pembeni ya barabara. Vijana wanaokimbilia leseni ya malori kwa kuvutiwa na mshahara waanzie darasani.

Kwenye kura Kiswahili hakimo. Kifungu cha sheria ya haki za kupiga kura kilichoongezwa mwaka 1975, kinachotaka karatasi za kura zitafsiriwe, kinagusa Kihispania, lugha za Asia na za wenyeji wa asili wa Marekani. Lakini raia asiyeweza kusoma karatasi hiyo anaruhusiwa, kwa kifungu cha 208 cha sheria hiyo kilichoongezwa mwaka 1982, kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake, wakala wa mwajiri huyo, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi.

Ukinyimwa mkalimani hospitalini, usigombane na muuguzi. Uliza ofisi inayoshughulikia malalamiko ya wagonjwa. Hospitali kubwa zote zinayo. Isiposaidia, ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya afya inapokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu tukio, na ile ya wizara ya elimu vilevile kwa mambo ya shule. Andika tarehe, saa, jina la mtu uliyezungumza naye na alichokujibu. Majibu huchelewa, na kwa hali ya sasa yanaweza kuchelewa zaidi. Peleka hata hivyo, kwa sababu hospitali inayojua kwamba Waswahili huandika hupunguza mzaha.

La mwisho nawaambia ninyi mnaozimudu lugha zote mbili, ambao kila Jumapili baada ya ibada mnashikwa mkono na mama fulani mwenye bahasha. Kumsomea barua msomeeni. Kwenye chumba cha daktari au cha mwanasheria msiingie kwa hiari mkiwa hamjafunzwa. Kosa moja la kipimo cha dawa na urafiki umekwisha, kama hakijakwisha kikubwa zaidi. Badala yake mfanyeni kazi hiyo kuwa kazi. Vyeti vya kitaifa vya ukalimani wa tiba vinadai mafunzo ya saa 40 kabla ya mtihani, kiasi ambacho mtu mwenye ajira anaweza kukimaliza kwa wikendi chache. Mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi karibu 20,000 kutoka Kongo, wengi kuliko kutoka nchi nyingine yoyote, kabla mlango haujafungwa Januari 2025. Wameshafika, wako Lexington, Boise, Grand Rapids na Houston, na wanaugua na kuzaa kama watu wote. Wakalimani waliofunzwa wa Kiswahili hawawatoshi. Jiandikisheni.